Baba Aliposhika Ngao

Mama alimtuma baba aje kunitoa kwenye kompyuta, na baba akakaa yeye. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, ila nikiisema kwa mkato watu hucheka, na mimi sitaki ichekwe mpaka mwisho.

Miaka ile ya soko huria Kariakoo ilikuwa inafumuka. Nyumba za zamani za mabati zinavunjwa, ghorofa zinapanda, na kila ghorofa chini ina duka na juu ina kitu usichokijua. Mimi nilikuwa nauza vitenge kwenye duka la shangazi yangu, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Juu yetu, familia moja ya Kihindu iliyokuwa na jengo lile ilifungua intaneti kafe. Watu walipanda ngazi kwenda kusoma barua pepe na kutafuta vyuo vya nje. Sisi tulipanda kwenda kupigana.

Sisi nani? Tulikuwa watatu. Kijana wa familia yenye jengo, ambaye baba yake alimweka pale kusimamia kompyuta. Kijana wa Kichaga aliyeuza masanduku ya safari kwenye duka la mjomba wake, mlango wa pili kutoka kwetu. Na mimi, mwanamke peke yangu, mwenye mdomo kuliko wote wawili. Tulianza kwa utani siku moja ya mvua, wateja hamna, na baada ya hapo ikawa kila Jumamosi alasiri na kila Jumapili.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtandaoni, nchi ya kubuni yenye ngome na misitu na majitu, na ndani yake wanatembea watu wa dunia nzima. Humo huwezi kushinda peke yako. Lazima muwe kikundi, na kila mmoja ana kazi yake. Kijana wa Kichaga alikuwa ngao. Ngao anavaa chuma mwili mzima na kusimama mbele, na kazi yake ni kumuudhi adui makusudi ili hasira zote zimshukie yeye. Kijana wa Kihindi alikuwa mchawi. Mchawi anakaa nyuma anarusha moto, na moto wake unaua kweli, ila yeye mwenyewe ni mwepesi kama karatasi. Akirusha mapema, kabla ngao hajazikusanya zile hasira, jitu linamgeukia yeye na habari yake imekwisha.

Mimi nilikuwa mganga. Mganga hamtazami adui hata kidogo. Anatazama pembeni mwa skrini, kwenye mistari myekundu ya damu ya wenzake, na mstari unaopungua anaujaza kwa dawa. Dawa yenyewe ina mwisho, kwa hiyo hupaswi kuigawa kama pilau ya harusi. Anatibiwa ngao kwanza, maana ngao akianguka, waliobaki ni nyama. Nyumbani sikuthubutu kusema kwamba nimekuwa mganga na rafiki yangu mmoja ni mchawi. Mama angeita masheikh.

Sasa niseme habari za baba.

Baba alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha nguo, kiwanda cha umma. Kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa. Siku ya mwisho alihakikisha kila mtu wa zamu yake ametoka, akazima mashine kwa mkono wake, akafunga mlango, akakabidhi ufunguo. Haya nilihadithiwa na watu wengine, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kutuambia kwamba amepunguzwa. Alirudi nyumbani jioni ile, akala, akalala. Asubuhi akaamka saa ile ile, akaoga, akakaa kitandani kusubiri nguo.

Na mama, ambaye habari alikuwa ameshazipata kwa majirani, akatia mkaa kwenye pasi akamnyooshea shati na suruali. Hakuuliza. Baba akavaa, akaaga, akatoka. Ikawa hivyo kila siku ya kazi, mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka. Tulikaa Gerezani, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na mama aliwaambia wapangaji wenzetu kuwa wenye kiwanda wapya wamemwita baba tena. Tulikula kwa vitumbua vya mama na kwa kazi yangu ya vitenge, na baba aliponiuliza kama duka linakwenda vizuri, nilimjibu kama ninayemjibu mtu anayetoka kazini.

Nilijua anakokwenda. Siku moja shangazi alinituma samaki Feri, na katikati ya kelele za mnada nikamwona baba amekaa juu ya kreti lililopinduliwa karibu na wakaangaji, amekunja mikono, suruali ina mkunjo uliosimama kama wa bwana harusi. Akaniona. Mimi nikageuka nikajifanya nachagua samaki, na yeye akageuka akajifanya anatazama pantoni. Jioni tukala wote sahani moja.

Ilinichoma. Sikuwa na pa kuisemea, na mimi kitu nikikikalisha moyoni kinachacha. Nadhani ndiyo maana niliupenda ule mchezo. Mle ndani damu ya mtu unaiona.

Basi mama akasikia kwamba kila Jumamosi napanda juu kukaa na wanaume. Akamwambia baba, "Nenda kamtoe mwanao." Na baba akaja.

Tulikuwa katikati ya vita, tena vibaya, mbwa mwitu wametuzunguka kwenye pango. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye shati lililonyooshwa. Basi kijana wa Kichaga akaachia kompyuta, akasimama, "Shikamoo mzee." Kijana wa Kihindi akasimama, "Shikamoo mzee." Na mimi, kwa mazoea tu, nikasimama, "Shikamoo baba." Wote watatu wima, mikono mbele, kama darasa limeingiliwa na mkaguzi.

"Marahaba," baba akasema. Halafu akatazama skrini. "Mbona hawa wanaliwa?"

Tukageuka. Mbwa mwitu walikuwa wanammalizia mchawi. Mimi nilikuwa nimeshakufa zamani.

"Ni sisi, mzee," kijana wa Kichaga akasema.

"Mmekufa kwa nini?"

"Tulikuwa tunakuamkia."

Baba akacheka. Wallahi, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kiwanda kiuzwe, na badala ya kucheka naye nikabaki kumtazama. Akauliza ngao ni nani, mchawi ni nani, nani anaanza, nani anafuata. Aliuliza maswali ya msimamizi. Kijana wa Kichaga akamvutia kiti chake mwenyewe, "Karibu ujaribu, mzee," na huwezi kumpisha mzee kiti halafu ukadai urudishiwe. Kuanzia siku ile baba akawa ngao wetu.

Niwe mkweli, kuna mambo aliyajua kuliko sisi. Mchawi wetu alikuwa na pupa. Baba alimzuia kwa sauti ya kiwandani, "Subiri... subiri... zamu yako!" na moto ukaenda ulipotakiwa kwenda. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini tulimvumilia. Tatizo lilikuwa moja tu. Yapo majitu ambayo yakitaka kupiga pigo kubwa huinua mguu juu, na hapo ngao hupaswa kurudi nyuma, mguu utue chini patupu, kisha aingie tena. Baba harudi. Mguu unainuka, yeye amesimama. Unatua, amekwisha, na sisi tunafuata. Nilipomwuliza kwa upole kwa nini, akanijibu kwamba mtu haiachi zamu yake mzigo ukija.

Na nani wa kumwambia arudi? Hebu nambie. Kijana wa Kihindi alijaribu. Jitu limeinua mguu, yeye anaanza: "Mzee, samahani, kama utaona inafaa, labda ungesogea kidogo..." Hajafika kwenye kidogo, mguu umeshatua. Tulikufa na adabu zetu. Kijana wa Kichaga hata kujaribu hakujaribu. Alisema kwao, mtu wa umri wa baba haambiwi rudi na kijana kama yeye, hata nyumba ikiungua.

Wakatafuta njia nyingine bila kuniuliza. Kijana wa Kichaga alijitengenezea mpiganaji mpya mwenye chuma kizito, akawa anakaa kompyuta ya safu ya nyuma, wamepeana migongo na baba. Kwenye mchezo alisimama ubavuni mwa baba, wamegandana, ukitazama hujui jitu linampiga nani. Kumbe yeye ndiye aliyelichokoza, hasira zote zikawa zake, na mguu ukiinuka jitu linamfuata yeye, naye anarudi na kuingia. Baba aligonga gonga pale mbele kwa furaha zote, akiamini ndiye aliyebeba. Na mimi wakaniambia dawa nimpe nani.

Niliwaka. Nilimvuta mchawi mpaka kwenye ngazi, penye kile kijisanamu ambacho mama yake alikivisha maua kila asubuhi. "Mnamdanganya baba yangu?"

"Tunamsitiri, dada," akasema. "Kuna ubaya gani? Mwone alivyo."

Na kweli, ukimwona alivyo, unanyamaza. Jumamosi mama akimnyooshea shati, baba alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa na pa kwenda. Kwenye meza ya chakula alianza kunieleza mipango ya vita, akipanga vijiko na kikombe, hiki mimi, hiki yule kijana, mama akitutazama kama wote wawili tumerogwa. Nikampa dawa yule wa nyuma, wiki kwa wiki. Lakini kila nikitazama pembeni mwa skrini, mstari wa damu ya baba umejaa pomoni, hausogei, nilikuwa nasikia hasira. Nyumbani anasitiriwa, mtaani anasitiriwa, na humu ndani namo tumemfungia kwenye kabati lile lile. Huyu mtu atakuwa mtu wapi?

Ikafika Desemba. Kwenye mchezo kulikuwa na jitu la daraja, ambalo kwa miezi tulikuwa tunajiandaa kulikabili, na waliotengeneza mchezo walitangaza kwamba mwaka ukiisha daraja linafungwa. Baba alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya jitu hilo. Na Desemba, anayejua Kariakoo anajua, Wachaga wanaondoka wote kwenda kwao. Maduka yanafungwa milango, mabasi yanajaa, tunawatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Mjomba wake alikuwa ameshamkatia tiketi, na mtu hamwambii mjomba wake kwamba hatakwenda Krismasi nyumbani kwa sababu ya jitu.

"Tumwambie mzee daraja limefungwa mapema," kijana wa Kihindi akashauri. "Au mtandao mbovu. Mtandao mbovu ataamini."

"Hapana," nikasema.

"Sasa, dada, akisimama peke yake si atapondwa? Mbele za watu?"

"Nimesema hapana. Hamtaongeza uongo mwingine juu ya huu."

Siku ya kazi, asubuhi, nikaaga dukani, nikatembea kwa miguu mpaka Feri. Alikuwa pale pale, juu ya kreti. Safari hii sikugeuka. Nikaenda moja kwa moja mpaka mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanitazama mikono, haina kikapu. "Umetumwa samaki?"

"Sijatumwa. Nimekufuata wewe."

Kwa hilo tu alikuwa ameshaelewa nusu. Aliteremsha macho. Mwanamke mmoja mkaangaji akatuondolea moshi kwa upepeo wake akidhani tumekuja kula.

"Baba, yule kijana anakwenda kwao. Akienda hatuna ngao."

"Ngao si mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado ulimi uligoma. "Siyo wewe, baba. Ni yeye. Anakaa ubavuni mwako, jitu linampiga yeye. Wewe hutaki kurudi nyuma, na hakuna aliyeweza kukwambia."

Mnadani mtu alikuwa anapandisha bei ya jodari kwa sauti ya kukaukiwa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo mwanzo."

"Na dawa zako unampa nani?"

"Yeye."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea hesabu ya zamu. "Na mama yako anajua kama nakaa hapa?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, baba."

"Yaani mji mzima umenibeba," akasema, wala hakuniambia mimi. Akainuka, akajikung'uta suruali kwa nyuma, akaunyoosha ule mkunjo kwa vidole viwili. "Rudi dukani. Shangazi yako atakutafuta."

Kesho yake hakutoka. Mama alileta shati limenyooka, bado la moto, baba amelala ameelekea ukutani. Keshokutwa vile vile. Hakuwa mgonjwa. Ukimsalimu anaitikia, ukimletea chai anakunywa, kisha anageukia ukuta wake. Siku ya tatu mama alinifuata uani ninapofua.

"Umemwambia nini baba yako?"

"Ukweli."

"Ukweli!" Alipiga makofi ya mshangao. "Nani alikutuma ukweli? Mimi mwenye mume nimemsitiri miaka yote hii, nimemeza maneno ya wapangaji, nimemaliza mkaa kwa pasi, wewe na ulimi wako umemvua nguo siku moja!"

"Unamnyooshea nguo aende kukaa kwenye magamba ya samaki, mama. Huko ndiko kumsitiri?"

Alinizaba kofi. Mtu mzima mimi, mbele ya wapangaji. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia, na mimi nikaendelea kufua kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Niliogopa. Nilikuwa na hakika nimesema sawa, na hata leo sijuti, lakini usiku baba anapokohoa nilikuwa naamka kusikiliza kama atakohoa tena.

Jumapili ya mwisho kabla ya daraja kufungwa nilipanda juu kwa mazoea. Kijana wa Kichaga alikuwa ameshaondoka na masanduku yake. Kijana wa Kihindi alikuwa amekaa peke yake, mchawi wake kasimama kwenye mlango wa daraja hana la kufanya. "Tuache, dada," akasema. "Mwakani litakuja jingine." Kulikuwa na watu wachache kwenye kompyuta, mama mmoja anaandika barua kwa vidole viwili, wanafunzi fulani, feni zinazunguka.

Mlango ukafunguliwa. Baba. Shati limekunjamana, limelaliwa. Tukaanza kunyanyuka.

"Kaeni!" Sauti ya kiwandani. "Shikamoo zenu nimezipokea tangu ngazini. Mikono ibaki kazini."

Akakaa kwenye kiti chake. Hakunitazama. Akamgeukia mchawi. "Wewe kijana. Leo nikisimama vibaya utasemaje?"

"Nitasema, mzee, samahani, kama..."

"Nitakuwa nimeshakufa. Sema rudi."

Kijana wa watu alijifuta mikono kwenye suruali. "Siwezi, mzee," akasema, na kweli hakuweza, nilimwona jasho. "Wewe ni kama baba yangu."

"Basi atasema huyu." Akanielekeza kwa kidevu. "Ulimi anao."

Lilinichoma hilo, na nilistahili kuchomwa. Tukaingia.

Jitu la daraja lilikuwa kubwa mpaka kichwa hakionekani kwenye skrini. Baba alilifuata akaligonga goti, likamgeukia yeye, yeye mwenyewe, hamna mtu ubavuni. Na kwa mara ya kwanza nikaona mstari wa damu ya baba yangu unapungua. Nilikuwa nimeutaka huo muda wote, na ulipokuja nikatamani usimame. Nikampa dawa. Ukapanda, ukashuka. "Subiri," baba anamwambia mchawi, "subiri... zamu yako!" na moto ukapita juu yake ukaliunguza jitu kifuani.

Mguu ukainuka.

"Baba, rudi," nikasema.

Hakurudi. Mguu ukatua, mstari wake ukakatika zaidi ya nusu. Nikamwaga dawa bila kuhesabu. Mguu ukainuka tena.

"Baba, rudi! Rudi wewe mzee! Rudi!"

Wanafunzi wakaacha kubofya. Yule mama wa barua akageuka akanitazama kama mtu aliyempiga baba yake hadharani. Na baba akarudi. Hatua moja, mbili. Mguu ukatua chini patupu, daraja likatikisika, naye akaingia tena akaligonga goti lile lile.

"Endelea," akaniambia, macho mbele. "Endelea kusema."

Nikasema. Rudi, ingia, rudi, ingia, nilimwamuru baba yangu kama dereva wa mkokoteni anavyoamuru watu wampishe njia Kariakoo, na kila mara alinitii. Jitu likaanza kuyumba. Tulikuwa karibu, tulikuwa karibu sana, na mimi nikatazama chini nikaona dawa zangu zimekwisha. Ile mara ya mwanzo, alipokataa kurudi, ilikula nyingi mno.

"Mganga, vipi?" baba akauliza.

"Dawa imekwisha, baba."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alitazama jitu, akatazama mstari wake, akapiga hesabu zake. "Kijana, mtoe dada yako. Tokeni nyie wawili, mrudi mlangoni. Mimi nalishika."

"Mzee, tunaweza kujaribu..."

"Tokeni!"

Tukageuka tukakimbia. Nilikimbia kwenye daraja lile la uongo huku machozi yananitoka, na pembeni mwa skrini mstari wa baba unashuka, unashuka, na jitu halikutufuata hata hatua moja kwa sababu hasira zake zote alizikamata yeye. Tulipovuka mlango, mstari ukazimika.

"Mmetoka?" akauliza.

"Tumetoka, baba."

"Wote?"

"Wote."

Akaweka mikono juu ya magoti. "Basi mimi nimekufa," akasema, na kidevu kikaanza kumcheza. Kijana wa Kihindi akageuza uso kwa adabu, akajifanya anashughulikia waya. Mimi sikugeuka. Nilimtazama baba yangu analia mpaka akamaliza, akajifuta kwa ile mikono ya shati iliyokunjamana, akasema twende, mama yako ameshapakua.

Tulitembea mpaka nyumbani. Mama alikuwa anagawa wali. Baba hakukaa. Alibaki amesimama mlangoni na viatu miguuni, mlango wazi, wapangaji wawili wanapita na ndoo zao.

"Mama watoto," akasema, "kazini walinipunguza."

Mama hakuinua kichwa. Mwiko ulisimama kwenye sufuria. "Najua," akasema.

"Hawakuniita tena."

"Najua, baba watoto. Ingia ule, chakula kinapoa."

Akaingia, akavua viatu, tukala.

Asubuhi, saa ile ile, nilisikia mama uani anapepea mkaa. Nikachungulia. Alikuwa ameshaijaza pasi, imeshika moto, na mkono mmoja ameshaufikisha kwenye kamba ya nguo, kwenye shati la baba. Ndani baba alikuwa macho, amevaa msuli, amekaa kitandani na miguu chini. Hakuwa anasubiri nguo. Mama akasimama vile kwa muda, mkono juu ya shati. Kisha akauondoa, akafungua pasi, akaumwaga mkaa wote kwenye jiko, akateleka maji.

"Baba watoto," akaita, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "njoo nje unywe chai."